Mtoto wa Mamba Apangwa wa Kwanza

Kila likizo Kocha Kiboko alichagua watoto wanne wa kuogelea kwa kupokezana, na kila likizo mtoto wa Mamba, mwenye kasi kuliko wote, aliachwa. Safari hii mama yake alimjia juu.

"Mwanangu ana kasoro gani, kocha?"

"Hana, mama. Ila mazoezini akisubiri zamu huchekelea, na wenzake wakiona yale meno hawagusi ukingo wa bwawa kumpokeza."

"Basi aanze yeye, asimsubiri mtu!"

Kiboko akakubali. Mtoto wa Mamba akamaliza zamu yake, kisha kwa furaha akawafuata Bata, Chura na Kobe kandokando, akiwashangilia kwa mdomo wazi. Wakaogelea kama wamemwagiwa pilipili, wakashinda! Kobe alipofika mwisho alipitiliza hadi kwao. Medali aliletewa kesho yake.