Duara la Saa Tatu

"Jana nilimfundisha tumbili kuandika programu," alisema Shahana. "Leo nitamfundisha kuzisahihisha. Kizuizi: anadai mshahara mkubwa kuliko wangu."

"Safi sana," alisema Mahfuz, macho yakiwa kwenye saa yake ya mkononi. "Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Rezaul, mtu wa vispika masikioni tangu aajiriwe. "Kama jana," alisema, na hiyo ndiyo ikawa ripoti yake.

Ndivyo ilivyokuwa kila siku saa tatu asubuhi, ghorofa ya sita, mtaa wa Banani. Timu iliyokuwa ikiitengenezea benki moja programu ya kutuma pesa kwa simu ilisimama duara, na kila mmoja akajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakuzuia. Mtindo wenyewe unaitwa Skramu. Mahfuz aliusomea siku mbili hotelini, akarudi na cheti, na tangu hapo hakuandika tena hata mstari mmoja wa programu. Kazi yake sasa ilikuwa kuwalinda wanaoandika. Kuwalinda na nini, hakuna aliyeuliza. Sheria ilitaka duara lichukue robo saa. Lilichukua saa nzima, na sehemu kubwa ilitumika kujadili kwa nini linachelewa.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kabla ya duara, watu wawili wa timu hiyohiyo waliwahi kutengeneza ukurasa uleule mwezi mzima, wamepeana migongo.

Shahana hakutaka kusikia habari hizo. Ili awahi Banani saa tatu, ilimbidi atoke nyumbani, Mirpur, huku Mithila, bintiye wa miaka sita, bado amelala. Paratha, zile chapati za asubuhi, mtoto alizila na bibi yake. Juzi alikuwa ameuliza, kwa upole kabisa: "Mama, wewe asubuhi huwa unakula?" Swali hilo lilimchoma Shahana.

Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wao, Nasreen, akamwita apa, yaani dada, kama walivyoitana ofisini. "Nasreen apa, lile duara ni kumpigia mbuzi gitaa. Hakuna anayemsikiliza mwenzake."

"Maneno matupu hayo. Ushahidi uko wapi?"

"Nipe mbio hizi tu." Mbio ndilo jina walilolipa kila kipande cha majuma mawili ya kazi, ingawa hakuna aliyewahi kuonekana akikimbia. "Nitasema upuuzi kila siku, halafu uone kama kuna atakayeshtuka."

Nasreen alipenda kubishana kuliko chai. "Haya. Mbio zikiisha bila hata mtu mmoja kukusikia, duara nalifuta, watu waje saa nne. Akipatikana hata mmoja tu, duara utaliongoza wewe, dada. Na utakuwa unafika kabla ya wote, ubandike kadi za kazi ukutani."

Wakashikana mikono.

Siku ya kwanza, tumbili akapita salama. Kesho yake Shahana aliripoti kwamba ameuziba mto Buriganga kwa gundi.

"Pointi ngapi?" aliuliza Mahfuz.

"Nane."

Mahfuz akaandika nane. Pointi ni kitu gani hakuna aliyejua, ila zikipanda wakubwa walifurahi.

Juma la pili Shahana alichoka hata kutunga. "Leo natengeneza ulinzi mpya," alisema. "Mtu akitaka kutuma pesa, kwanza simu itamwuliza kama mama yake anajua. Kizuizi: sina wa kunisaidia."

"Kizuizi tutakizungumza nje ya duara," alisema Mahfuz, kama alivyosema juu ya vizuizi vyote tangu apate cheti. "Anayefuata."

"Kama jana," alisema Rezaul.

Mchana, kwenye birika la chai, Rezaul alisimama karibu na Shahana, vispika masikioni, akauliza bila kumtazama: "Mama tu, au na baba?" Shahana alidhani anaongea na mkewe kwenye simu, akampisha.

Jumatano jioni Shahana hakuweza tena kujizuia. "Kuanzia Jumapili, juma la kazi likianza," alimwambia Mithila, "paratha tunakula pamoja, mimi na wewe." Mtoto akakimbia jikoni kumpasha bibi habari.

Alhamisi ilikuwa siku ya kumwonyesha mteja kazi. Shahana alikuja na sari yake ya sherehe. Mlangoni Nasreen alimnong'oneza, "Umenishinda wewe. Watu wangu ni mawe!" Shahana alifurahi hata akamhurumia Mahfuz kidogo.

Benki ilimtuma mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na suti ya kijivu. Mahfuz akamkabidhi simu kwa mikono miwili. Mzee akaandika kiasi cha pesa, taka elfu kumi, akaandika jina la mpokeaji, akabonyeza. Pesa hazikwenda. Akakisogeza kioo karibu na miwani, akasoma kwa sauti:

"Mama yako anajua?"

Mzee akaiweka simu mezani taratibu.

"Hajui," alikiri.

"Nani kaweka kitu hiki?" aliuliza Nasreen, lakini macho yake tayari yalikuwa kwa Shahana.

Rezaul akachomoa kispika kimoja. "Shahana apa alisema hana wa kumsaidia," alisema. "Na baba naye yumo, ukibonyeza tena."

Jumapili, Mithila alipoamka na kukimbilia jikoni, mama yake alikuwa ghorofa ya sita, peke yake, akibandika kadi ukutani.