Pindo la Gauni la Kupimia

Binti alipopanda mizani, pindo la gauni lake liligonga chuma, likalia.

Tangu lini kitambaa kikalia? Niliinama nikalichana kwa mkasi wa bandeji. Nati za chuma zikadondoka sakafuni.

"Unatuchezea akili?" nilifoka. Wodi yetu ni ya wanaoogopa kunenepa mpaka chakula kinawashinda, na hila zao nazijua.

"Sista, naapa sijui! Niliona gauni zito, nikadhani nimeishiwa nguvu."

Ndipo nilipoutazama mshono: umenyooka, uzi wa rangi ileile ya gauni. Nikamgeukia mama yake, fundi cherehani, ambaye kila wiki hulichukua gauni hilo kulifua na kulipiga pasi.

"Mlisema akiongezeka mtamruhusu," alisema, macho chini. "Mawifi zangu wananisema kila kukicha, eti mtoto nimemshindisha njaa. Nikaona nimsaidie kidogo, atamalizia kupona nyumbani."

Binti alishuka, mkono ukutani.

"Kwa hiyo wiki iliyopita sikunenepa?"

Nilifungua daftari lake la uzito. Wiki iliyopita aliona mizani imepanda, akalia mpaka sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo kila sahani tuliyompelekea ilirudi jikoni kama ilivyokuja.

Mama alikuwa ameshapiga magoti, anaokota nati zake moja moja.

"Mama," binti alisema, "mimi nilikuwa nimeanza kula."