Dakika Tisa za Hewa

Bertha alicheka kabla utani haujafika.

Hicho ndicho kilichomkera Sosthenes. Watu hucheka utani ukishasemwa. Mke wake alianza mapema, macho kwenye TV, mikono kwenye ungo wa mchele, akimsubiri mwanaume yule afungue mdomo.

"Meli imekwama angani, jamani," DJ Kimondo akasema kwenye spika, "kama semitrela mlima Kitonga! Hewa imebaki ya dakika tisa. Na huku juu hakuna wa kumpigia simu aje na jeki!"

Bertha akajifuta machozi ya kicheko. Sizoni ya pili, sehemu ya kwanza. Kila Jumapili wakitoka kanisani ni hiyo hiyo, na katikati ya wiki pia, akidhani mumewe yuko nje.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya Wazungu. DJ Kimondo ndiye aliyeitafsiri kwenye kibanda chake cha video, na kama ma-DJ wote wa kutafsiri, majina aliyapanga anavyotaka. Kapteni wa kike akamwita Tumpe. Fundi wa meli akamwita Saulo.

Leo walikuwa na mgeni. Lusia, jirani mpya, alihamia Iyunga Alhamisi akitokea Iringa. Alikuja kusalimia tu, TV ikamnasa.

"Mama Aroni, hii sauti!" akasema. "Inashuka mpaka kwenye magoti. Huyu angenipigia simu, ningetoka na kandambili mbili za kushoto."

"Subiri umsikie analia," Bertha akasema. "Kuna mahali analia."

Sosthenes aligonga kikombe kwa kijiko. Bertha akanyanyuka, akammiminia chai, akarudi mbio asikose kitu. Lusia akamwangalia mwanaume wa watu, kajikunja kwenye kochi na skafu yake shingoni kwa baridi ya Juni.

"Baba Aroni naye," akanong'ona. "Nimemwamkia vizuri, kanipungia mkono kama mbunge."

Bertha akatoa kijiwe kwenye mchele, akakirusha mlangoni.

Kwenye TV, Saulo alikuwa nje ya meli, ananing'inia gizani, redio yake imekufa. Alikuwa anagonga kioo. Mdomo unaenda, neno halifiki. Ndani kulikuwa na milango miwili, na Tumpe akifungua usio sahihi, wote wanakufa.

"Mwangalie mdomo, Tumpe!" DJ akalia kweli. "Mwangalie mdomo, mama, anakwambia mlango gani!"

Lusia akakumbatia mto. Halafu DJ, kwa ile tabia yake ya kuchomeka salamu katikati ya hatari, akashusha sauti ikawa laini kama anaongea na mtu mmoja.

"Saulo anagonga kioo, mimi huku namsalimu mama mmoja wa hapa hapa Iyunga. Yule wa gauni la njano. Anajijua."

Mkono wa Bertha ukasimama kwenye mchele.

"Nani huyo?" Lusia akaruka. "Kapewa salamu zake kabisa!"

Bertha akainama, anatabasamu kama binti wa darasa la saba. Gauni la njano lilikuwa kabatini. Mwaka wa pili huu Sosthenes hajamwona nalo.

Sosthenes alimjua DJ Kimondo tangu utotoni, Chimala. Alijua majigambo yake, anavyoingia kibandani watu wanapiga miluzi, mabinti wanamwomba ayatamke majina yao. Sura hakuwa nayo. Alikuwa na mdomo tu. Na kwa mdomo huo, mpaka leo, anaingia sebuleni kwa watu, anamchekesha mke wa mtu, na mwenye nyumba kakaa pembeni kama gunia la viazi.

Aliwahi kuificha ile flashi yenye tamthilia kwenye debe la unga. Bertha aliipata, akaifuta kwa kanga, akairudisha kwenye TV. Lakini leo kanisani, wenzake wakiimba, Sosthenes aliamua. Flashi ni hiyo moja. Kompyuta ya kibandani iliuzwa zamani. Jiko la mkaa liko hapa miguuni, jekundu. Sinema ikiisha, achomoe, atumbukize. Basi.

"Na mwendelezo?" Lusia akauliza.

"Haukutoka."

"DJ alihama?"

"Hajahama," Bertha akasema.

Tumpe akachagua mlango. Saulo akaangukia ndani, hai. Muziki ukapanda, na Sosthenes akasimama. Siku zote alichomoa flashi hapo hapo, kabla DJ hajaaga. Akanyoosha mkono.

Bertha akaushika.

"Leo iache iishe, Baba Aroni. Nimekuona unavyolitazama hilo jiko. Ukitaka kuchoma, utachoma. Lakini kwanza iishe."

Kiganja chake kilikuwa na vumbi la mchele. Sosthenes hakukitoa.

Muziki ukashuka. DJ Kimondo akavuta pumzi karibu na maiki.

"Haya, ndaga fijo, asanteni sana. Sehemu ya pili mnisubiri kidogo. Jumatano naingia hospitali wanipasue hili koo, nikitoka tunaendelea. Mke wangu Bertha, weka maji ya kuoga, niko njiani. Ni mimi wenu, DJ Kimondo. Jina la ubatizo, Sosthenes."

Lusia akageuka. Bertha hakuwa anaangalia TV. Alikuwa anauangalia mdomo wa mumewe, uliokuwa umesema kila neno, mpaka jina, bila sauti.