Njiti kwenye Kitufe cha Ndiyo

Umeme ulipokatika, diski ya kamera za getini iliharibika. Fundi akaanza kuitengeneza. Kwa kila faili mbovu, kompyuta ilimuuliza: nifute? Maswali hayakwisha, naye akafanya ujanja wa mafundi wote: akachomeka njiti ya kiberiti pembeni mwa kitufe cha ndiyo, kikabaki kimebonyea. Akaenda kujimiminia chai.

Mama mmoja alikaa pale, amepakata kiatu cha mwanawe, aliyeonekana mara ya mwisho getini hapo Jumanne.

Fundi aliporudi, faili za Jumanne zilikuwa zinafutwa mbio mbio. Akaichomoa njiti, lakini maji yalishamwagika.

Kompyuta ikaandika: diski ni safi.

"Imepona, fundi?"

Akaificha njiti kiganjani. "Imepona, mama."

Mama akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta. "Haya, nionyeshe mwanangu."