Bahasha kwa Pasta

Kompyuta iliyokuwa na majina na ushahidi wa wanawake kumi na mmoja wachuma chai, jinsi nyapara wao alivyowashika kwa nguvu, iliibwa Jumatatu. Beldina, aliyeukusanya ushahidi huo, hakuogopa sana. Ilikuwa imefungwa, na namba ndefu ya kuifungua aliiweka kwa pasta huko Sosiot, ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi.

Alienda kuiangalia. Bahasha ilikuwa imepasuliwa, na karatasi imejaa alama za vidole vya mafuta ya nyama.

“Nyapara aliomba kuiona tu, dada,” pasta alisema, akichokonoa meno. “Ni mtu wa kanisa.”

Pasta alinyoosha mkono, waombe pamoja.

Beldina alitoka bila kuugusa, akakimbilia shambani. Wanawake walikuwa wameinama wakichuma, nyapara amesimama nyuma yao.