Nusu ya Nyuma

Tope lilikuwa kwenye nusu ya nyuma ya kiti tu. Nusu ya mbele ilikuwa kavu na safi, kama Elineema alivyoiacha jana yake. Ya nyuma ilikuwa imeroa, na udongo umeingia ndani ya mishono.

Hakujua umechotwa wapi. Lakini uwani palikuwa na choo na banda la kuku, na hivyo viwili vilitosha kumpa jibu.

Pikipiki ilikuwa mpya, iliyoundwa kwa sura ya zamani: taa ya mviringo, tangi lenye mabega, ekzosi mbili za kromu. Siku ilipofika Utende, vijana wa pwani walimpa pole.

"Bwana Hifadhi, umemrithi nani?" aliuliza Shaibu, jirani yake.

"Mpya hiyo."

"Mpya? Basi ilizeekea dukani."

Elineema alifanya kazi katika ofisi ya hifadhi ya bahari na alikwisha kuizoea midomo ya wavuvi. Aliendelea kuipamba pikipiki yake. Mbele aliweka kioo cha upepo na vyuma vya kukinga injini. Nyuma aliweka vitu vya gharama zaidi: kiti kirefu cha ngozi, kiegemeo, kishikio cha chuma, vikanyagio vipana. Hivyo vya nyuma havikuwa vyake. Vilikuwa vya mama mkwe.

Mwanasiti aliishi chumba cha uwani. Tangu binti yake Biubwa afunge ndoa ya bomani na Mpare Mkristo, alimwita mwanamume huyo "huyo wa bara", hata akiwa amesimama mbele yake. Salamu aliitikia akitazama ukuta. Kliniki ya macho Kilindoni alikwenda kwa bodaboda, nyuma ya watu baki. Elineema alitaka kitu kimoja tu: mama huyo apande nyuma yake, wapite pamoja katikati ya Utende, watu waone.

Biubwa alipelekwa kuulizia.

"Mwambie huyo wa bara ahsante," Mwanasiti alisema, kwa sauti iliyovuka uwanja mzima. "Kiti kile sikikalii kilivyo."

Sasa na tope juu yake.

Elineema aliisugua mishono kwa mswaki mpaka ikatakata. Kisha akaipaka ngozi mafuta ya kuilainisha, aliyoyachemsha mwenyewe kwa shahamu ya ng'ombe na nta, maana ya dukani hakuyaamini. Mbwa wake, aliyemleta kutoka Same, akaja kulamba. Alimsukuma kwa goti, akafuta mate kwa kiganja, akaingia ndani kula.

Asubuhi iliyofuata aliamka mapema kuliko kawaida na kuchungulia dirishani. Mwanasiti alikuwa ameinamia pikipiki, ndoo miguuni, mkono umejaa udongo uliolowa. Alikuwa akiusugua kwenye kiti taratibu, kwa kiganja kizima, kwenye ile nusu ya nyuma. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

Elineema alikuwa mtu wa ushahidi, na ushahidi alikuwa ameupata. Hakungoja kuona zaidi.

"Mama yako ananipakia uchafu," alimwambia mkewe. "Tena anaunong'onea."

"Mama? Hebu nikamuulize."

"Usimuulize. Nimeona kwa macho yangu."

Jioni alikuwa Kilindoni, dukani kwa Akberali, muuza vipuri. Fundi alifungua kiti kirefu, kiegemeo, kishikio na vikanyagio vya nyuma, akaleta kiti cha mtu mmoja.

"Kinapendeza, bwana Eli," alisema Akberali. "Lakini chasi yako ina mkia mrefu, utachomoza huku nyuma. Kiti hakitakaa vizuri."

"Ukateni."

"Tukikata haurudi, ndugu yangu. Hutampakia mtu tena hapo. Hata mkeo?"

"Mke wangu ana baiskeli. Kata."

Fundi akawasha msumeno wa umeme. Cheche ziliruka, chuma kikaanguka sakafuni, na Elineema akajisikia ametawadha. Ilikuwa pikipiki nzuri zaidi sasa, fupi, kavu, isiyomngoja mtu. Kile kiti kirefu alikitia guniani, akakifunga kwa kamba mgongoni na kurudi nacho nyumbani, si kwa kukihifadhi bali kumtupia mbwa. Hakutaka hata kukigusa tena kwa mikono mitupu. Alikitupa uwani, mbwa akakirukia.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Elineema alikwisha kukaa juu ya pikipiki, ufunguo mkononi, Mwanasiti alipotoka chumbani amevaa buibui lililopigwa pasi, kadi kaishika. Alisikia mbwa akitafuna kitu upande wa banda la kuku, akakusanya nguo zake na kuzunguka mbali.

"Shikamoo," Elineema alisema, kwa mazoea.

"Marahaba. Hilo jibwa lako nakuomba ulifunge." Hakuutazama ukuta. Macho yake yenye ukungu yalimtafuta usoni mpaka yakampata. "Lililamba kiti, nikakiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Likalamba tena. Nikarudia zote saba, nahesabu kwa mdomo nisikosee. Sasa naweza kukikalia na nikashuka nikaswali. Nusu yako sikuigusa, hiyo shauri yako."

Biubwa, aliyesimama mlangoni, alitia mkono mdomoni.

Mwanasiti aliweka kiganja chake begani mwa Elineema, akajiegemeza kwa uzito wake wote, akainua mguu mmoja na kupapasa hewani.

"Haya, mkwe wangu," alisema. "Nikae wapi?"