Kitanda cha Mama

Mjini Morogoro kila chumba cha kupanga kilikuwa na ukuta unaosogea. Kila alfajiri ukuta ulihesabu pumzi za waliomo, na pumzi moja ikipungua, ulisogea ndani ili jirani apate nafasi. Ndiyo maana mama yake Semeni alipofariki, Mkude, mume wa Semeni, alileta mbuzi kabla hata matanga hayajaanuliwa.

Mbuzi alilazwa kwenye kitanda cha marehemu, akafunikwa kanga yake. Sasa godoro lilinuka mkojo, na mavi yalizagaa juu ya mto wenye nywele nyeupe za mama.

“Vumilia, mke wangu,” alisema Mkude. “Ukuta ukija, Chiku atalala wapi? Juu ya jiko?”

“Afadhali jikoni! Mama alikata roho kitandani hapo, baba Chiku. Huoni kinyaa?”

“Naona. Lakini chumba kingine mji huu umekiona wapi?”

Alfajiri hiyo binti yao mdogo, Chiku, aliamka, akakisogelea kitanda. “Shikamoo, bibi.”

Mbuzi akalia. Mtoto akacheka, akambusu puani.

Semeni alimkamata mbuzi pembe, akamburura hadi nje. Ukuta ukanguruma, ukaanza kukisukuma kitanda cha Chiku.

“Mungu mkubwa!” jirani alishangilia upande wa pili. “Leteni kabati!”

Semeni akamrudisha mbuzi mbio, akamfunika kanga hadi shingoni. Ukuta ukatulia.

“Mama, bibi alienda wapi?” Chiku aliuliza.

Semeni alifuta mikono kwenye gauni. “Alienda kujisaidia, mwanangu.”